Dirisha la Kutazamia Bungoma

Upepo wa Kitale si wa kuchezea. Mwaka mmoja ulimbeba jogoo wa Wangechi ukamtua Bungoma, na hadi leo, wasemao husema, anawika kwa Kibukusu. Wangechi hakumlilia jogoo. Alimlilia Kabura, binti yake wa pekee, aliyeolewa Chwele, huko huko Bungoma.

Kila asubuhi Wangechi alikamua ng'ombe, akachemsha chai, kisha akasimama mlangoni kutazama upande wa Bungoma. Aliona ua wa jirani tu.

Kabura alikuwa amejifungua. Kwa simu alisema angependa kuja na mtoto Desemba, lakini walale wapi? Nyumba ilikuwa na chumba kimoja cha kulala. Wangechi hakutaka binti yake alale sebuleni kama mtu aliyekuja matangani.

Basi yeye na mumewe Gathii wakaanza kutengeneza chumba darini. Walikata boriti moja ya paa, wakasimamisha ukuta mdogo wa mbao uliochomoza juu ya mabati. Humo wakatia kidirisha, juu kabisa, kwa kuogopa wezi. Gathii akakifunga kwa grili ya chuma.

Jirani yao Kartar, fundi wa mbao, akapanda kuangalia. Akaigonga kwa kidole ile boriti iliyokatwa.

"Gathii, boriti mliyokata ilikuwa inabeba paa. Sasa nani anabeba?"

"Si kuna dirisha hapo?"

"Kioo hakijui kubeba, bana."

Akawaeleza polepole. Boriti za pande zote mbili za tundu walilotoboa paani ziongezwe nguvu, kila moja iwe mbili. Ile iliyokatwa ishikwe na mbao iliyolazwa kati ya hizo za pembeni. Juu ya dirisha iwekwe linta, yaani kizingiti cha juu, ya mbao mbili zilizopigiliwa pamoja. Kila upande, mbao fupi isimame chini ya linta kuibeba, na ubavuni mwake mbao ndefu ya kutoka chini hadi juu. Hapo uzito wa paa hupita kando ya dirisha na kushuka. Ukuta unapokutana na mabati, bati likunjwe lipande ukutani, mvua isipate njia.

Tena, alisema, ramani ipelekwe baraza la mji kabla ya nyundo kulia. Sheria yataka chumba cha kulala kipate mwanga na hewa.

"Na grili?" Wangechi akauliza.

"Mama Kabura, moto ukiwaka hapo kwenye ngazi, mtoto atatokea wapi? Hii grili imemfungia mwizi nje na mjukuu ndani."

Siku hiyo hiyo waliubomoa ule ukuta.

Ramani ilipopitishwa, walijenga upya. Dirisha likawa pana, la chini, likielekea Bungoma, mtu mzima aweza kupita. Grili ikatiwa bawaba, ikawa inafunguka kwa ndani bila ufunguo. Mvua za Novemba zilipiga paa, na darini halikudondoka tone.

Siku ya Kabura kufika, Wangechi alikaa dirishani tangu asubuhi. Uji uliungua jikoni. Mwishowe gari likasimama barabarani. Mkwe, kwa adabu za kwao, hakuingia kwa mama mkwe. Alimshusha Kabura na mtoto, akageuza gari. Wangechi akafungua grili, akachungulia mpaka kiuno kikawa nje.

Kartar alimwona kutoka karakana yake. "Mama Kabura, hilo dirisha ni la kutokea moto ukiwaka, si la kutokea mgeni akija."

"Moto si huu hapa?" akajibu, mkono kifuani. "Umewaka tangu aolewe."

Lakini alishuka kwa ngazi. Alishuka mbio.