Koo la Gari la Bujiku

Asubuhi ile Vitus alishika bomba, likamuunguza.

Aliurudisha mkono haraka, akautazama. Kiganja kilikuwa chekundu. Bomba lenyewe lilikuwa limelala juu ya meza ya gereji tangu jana mchana. Lilikuwa bado halijafungwa kwenye gari, na injini ya gari hilo ilikuwa haijawashwa hata mara moja tangu ifike Mafinga. Nje, ukungu wa Juni ulikuwa umeufunika mji wote; malori ya mbao yalisikika yakipita barabarani lakini hayakuonekana. Ndani ya gereji kila chuma kilikuwa baridi, isipokuwa hicho kimoja.

Vitus hakumwambia mtu. Alikuwa na miaka ishirini katika kazi ya kutengeneza mabomba ya moshi, ekzosi kama wanavyoyaita mafundi, na hakutaka watu waseme amezeeka. Alilimwagia maji, akaendelea na kazi.

Gari lilikuwa haisi nyeupe, mali ya Bujiku, Msukuma wa Madibira ambaye wazazi wake walihamia bonde la Usangu na ng'ombe wao kabla hajazaliwa. Injini ya zamani ilikufa. Bujiku akapata injini ya dizeli iliyotolewa kwenye lori bovu, mafundi wa Ubaruku wakaifunga kwenye gari, lakini injini hiyo ilitolea moshi upande wa kulia, wakati bomba la haisi lilipita kushoto. Ndiyo maana gari lilivutwa kwa mnyororo mpaka kwa Vitus, likatengenezewe bomba jipya toka mwanzo.

"Injini ya kwanza iliuawa na nini?" Vitus alimuuliza siku aliyofika.

"Maji," Bujiku alijibu.

Vitus alijaza bomba mchanga mkavu, akalipasha moto, akalikunja taratibu lisibonyee, likapita chini ya giaboksi, likafuata sakafu, likatokea nyuma. Kila kiungo alikichomelea mara mbili. Kisha akapaka povu la sabuni na kupuliza upepo ndani. Hakikutoka kiputo hata kimoja. Aliridhika.

Siku ya kuwasha, Esta, mkewe Vitus, alikuwa amewaletea chai. Bujiku alipanda kwenye usukani, akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikashika. Moshi wa kwanza ukatoka mweusi, kisha ukawa mweupe, na harufu yake haikuwa ya dizeli. Ilinuka tope la majaruba ya mpunga, maji yaliyolala siku nyingi, na chini ya hayo mafuta ya nazi, kama nywele za mwanamke aliyetoka kusukwa.

Ndipo, kutoka kwenye mdomo wa bomba, chini ya ngurumo ya injini, ikatoka sauti ya mwanamke aliyechoka.

"Bujiku, tumefika?"

Chupa ya chai ilimponyoka Esta. Vitus alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Bujiku peke yake hakushtuka. Alilaza paji la uso kwenye usukani, akafumba macho, akasema polepole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa:

"Bado kidogo, mama. Bado kidogo."

Walipozima gari, aliwasimulia. Ilikuwa masika ya mwaka juzi. Mkewe, Nyamizi, alishikwa na uchungu. Bujiku alimlaza nyuma, ndani ya haisi, mama yake Bujiku akakaa naye, wakaondoka Madibira kwenda hospitali. Barabara ilikuwa imefunikwa na maji. Katikati ya mbuga injini ikazima.

"Alikuwa ananiuliza, tumefika? Mimi namwambia bado kidogo," Bujiku alisema. "Hata nusu tulikuwa hatujafika, fundi. Aliuliza mpaka akaacha kuuliza. Mtoto mama yangu alimpokea humo humo, akapona. Anaitwa Sayi, sasa anatembea. Gari lilikaa kwenye maji siku kumi na moja."

"Pole, baba," Esta alinong'ona.

"Msiliguse hilo bomba," Bujiku alisema. "Naomba. Sikutegemea kuisikia sauti yake tena."

Alipanga chumba jirani na gereji, akasema ataondoka baada ya siku mbili tatu. Kila siku alikuja, akawasha gari, akakaa ndani yake.

Kesho yake Vitus aliingia chini ya gari, akakuta tundu kwenye bomba. Halikuwa kwenye kiungo. Lilikuwa mahali penye chuma kizima, la duara, kingo zake laini kana kwamba zimelambwa. Lilikuwa usawa wa pale nyuma alipolazwa Nyamizi. Akaliziba. Siku iliyofuata kiraka hakikuwepo, tundu lilikuwa kubwa zaidi, na bati la sakafu juu yake nalo lilikuwa limefunguka, hivyo moshi ulipanda moja kwa moja ndani ya gari. Vitus akatoka chini ya gari. Alijua moshi wa gari unavyoua: haupigi, haukabi, unakulaza tu.

"Usiliwashe tena," alimwambia Bujiku. "Kilichomo kwenye bomba kinatafuta kuingia ndani."

"Acha aingie," Bujiku akajibu.

Siku ya tatu, ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba Vitus alitembea akipapasa uzio, alisikia injini ikinguruma peke yake gerejini, akaharakisha, na kadiri alivyosogea ndivyo alivyoisikia ile sauti, sasa haikuulizia tena safari bali ilikuwa ikiongea mfululizo, chini chini, kwa upole, kama mke anayempangia mumewe mambo ya nyumbani, na alipofika kwenye kioo cha gari, kilichofungwa kama vingine vyote, alimwona Bujiku amelala chali nyuma ya gari, moshi umemfunika mpaka kifuani, mdomo unatabasamu, na pembeni yake kwenye godoro alilolitandika humo palikuwa na bonde la mwili wa mtu mwingine ambaye hakuonekana.

Vitus alivunja kioo kwa nyundo, akamburuta nje. Bujiku alitapika, akalia kama mtoto.

"Kwa nini umenitoa? Alikuwa ananiambia nimlete Sayi. Anataka amwone mwanawe!"

Esta aliyasikia hayo. Alimvuta mumewe pembeni.

"Baba Goodness, twende tukamwite bibi Esnath."

"Sisi ni watu wa kanisa, Esta."

"Na kanisa kesho litamzika nani? Huyo baba, au na mtoto pia?"

Bibi Esnath alikuwa Msangu aliyeishi nyuma ya viwanda vya mbao, maarufu kwa kutoa mapepo. Alikuja amevaa mabuti ya mvua na sweta la kiume. Hakuuliza mengi. Alilala chini kwenye vumbi la gereji, akaligonga bomba kwa vifundo vya vidole, akasikiliza.

"Nani amelitengeneza?"

"Mimi, bibi," Vitus alisema.

"Hili ni jini la mbuga. Liliingia kwenye gari zile siku za maji, likaokota pumzi ya mwisho ya marehemu. Lilikuwa bubu. Wewe umelitengenezea koo." Akamgeukia Bujiku. "Mkeo hayumo humu, baba. Mkeo alishapumzika."

"Lakini ni sauti yake."

"Sauti ni yake kweli. Ndiyo maana utakufa nayo. Linakuuliza swali, na kila ukijibu bado kidogo, unalipakia tena. Lipe jibu la kweli, litashuka. Ila ujue, likishuka litaondoka na lilichobeba. Hutabaki nacho."

Bujiku akasema, "Lisingemtaja Sayi, ningekataa," akainuka, akafungua milango yote, akawasha gari.

Alipiga magoti nyuma, kwenye mdomo wa bomba. Vitus alikuwa chini ya gari ameshika grainda ya kukatia chuma, kama alivyoelekezwa, na Esta alikuwa akisali Baba Yetu bila kufika mwisho.

"Bujiku," sauti ikasema, karibu sana, "tumefika?"

Ikauliza tena, safari hii na kilio ndani yake, na harufu ya tope ikajaa gerejini mpaka wote wakahisi maji kwenye vifundo vya miguu, na bomba likaanza kupanuka na kunywea mbele ya uso wa Vitus kama koo la mtu anayezama, na Bujiku akiwa ameng'ang'ania bampa kwa mikono miwili akapaza sauti iliyosikika mpaka barabarani:

"Hatukufika, Nyamizi! Nilikudanganya. Uliishia njiani, nami nilikuwa usukani, na hatukufika!"

"Kata!" bibi Esnath akaamuru.

Grainda ikalia. Bomba lilipokatika, lile lililokuwa la moto kiasi cha kuunguza, yakamwagika kutoka ndani yake maji ya baridi, mengi kuliko lingeweza kubeba, yenye tope na mashina ya mpunga. Kisha injini ikazima yenyewe.

Walilizika bomba lile msituni. Vitus akatengeneza lingine, na gari likarudi Madibira likinguruma kama gari lolote la dizeli.

Baada ya mavuno Bujiku alirudi Mafinga, amembeba Sayi mgongoni. Gari halikuwa na tatizo. Alikaa kwenye benchi, akapewa chai, akaizungusha mikononi bila kunywa.

"Fundi," alisema, "sura yake ninayo. Kutembea kwake ninakuona. Lakini nikitaka kumsikia, hakuna kitu. Hata nyimbo alizoimba shambani nazikumbuka kwa sauti yangu mwenyewe. Wewe ulimsikia. Niambie alikuwaje."

Vitus hakuwahi kumwona Nyamizi akiwa hai.

"Sauti yake ilikuwa nzito kidogo kwa mwanamke," alisema. "Yenye mikwaruzo, kama mtu aliyetoka kuamka. Jina lako alilivuta mwishoni. Bujikuu. Hivyo."

Bujiku alimshusha Sayi, akampakata apate kusikia. "Sema tena," aliomba.

Vitus akasema tena. Bujiku aliitikia kwa kichwa, kwa adabu na umakini wote, kama mgeni anayeelekezwa njia ya kijiji asichokijua.