Nyama ya Posa kwenye Friza la Protini

Stendi ya Kasulu ilifurika watu siku ile ya gulio. Recho Niyubahwe, gauni la kitenge cha njano, viatu mkononi kwa ajili ya tope, alikuwa amekumbatia boksi la barafu.

"Dada, niuzie samaki mmoja, mgebuka mkubwa," alisema kijana mrefu mwenye shati la drafti.

"Mgebuka! Hii ni protini, kaka. Ile inayopanda kwenye damu mwili ukiwa na uvimbe. Yetu imetengenezwa maabara, tunalinganishia damu za watoto wenye homa."

"Basi hata mimi nina homa. Nipime."

Weee! Recho alicheka mpaka akasahau tope. Kumbe kijana huyo, Marselino, naye mtu wa maabara, katoka Mbinga, anakwenda kuripoti Kibondo, palepale kazini kwa Recho. Haukupita muda, simu asubuhi na jioni.

"Umekula, mukunzi?" Recho aliuliza, yaani mpenzi kwa Kiha.

"Nile nini bila wewe?"

Wiki ya posa Marselino alinunua paja la ng'ombe la kupeleka Busunzu kwa wakwe. Kwake hakuna friji. "Usijali, mpenzi, nyama nimeipatia mahali," alimwambia Recho kwenye simu. Mahali penyewe ni friza la protini kule maabara! Mfupa ukazuia mlango, na kulipokucha vichupa vyote vilikuwa vimeyeyuka. Protini ikiyeyuka hivyo haiaminiki tena, na utafiti wa homa za watoto ukakwama. Marselino akatoa nyama yake, akafunga mlango, akanyamaza.

Bosi wao, Dokta Philomena, aliwaita wote wawili. "Recho, friza ni dhamana yako. Nani kaliacha wazi?"

Recho alikumbuka ile simu ya nyama, akaelewa. Akamtazama Marselino, akamngoja. Marselino akatazama dirisha. Mchana huohuo Recho akapoteza kazi.

Jioni simu ikalia.

"Niliogopa, Recho. Ningefukuzwa, baba yako angenipa mke? Kesho nasema kila kitu, haki ya Mungu!"

"Sema, ni vizuri. Ila Jumamosi usije na wazee wako."

"Kwa sababu ya protini?"

"Protini wataagiza nyingine. Mimi umeniacha peke yangu pale, Marselino, na ulikuwa umesimama pembeni yangu!"

Akakata simu, akajitupa kitandani, akalia kwa kwikwi. Mama yake akaja akaketi karibu naye.

"Kwani humpendi, mwanangu?"

"Nampenda, mama. Nampenda mpaka naumwa. Lakini simtaki."