Kikao Kilichosubiri Mawindo

Ndugu zangu, nyumba ninayotaka kuwaeleza haikuwa ya wezi wala walevi. Ilikuwa nyumba ya wakulima, Wakristo wanaosali kila Jumapili, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka stesheni ya Bukene, kando ya ile njia ya zamani waliyopita wapagazi na pembe za ndovu kabla ya reli. Mwenye nyumba aliitwa Wenceslaus. Mkewe alikuwa Marcelina, binti wa watu wa Ziba. Aliishi nao mama yake Wenceslaus, Bi Veneranda, mjane aliyeheshimiwa kijiji kizima. Ilikuwa miaka ya Mwingereza, vita vya Hitla vimekwisha si zamani. Habari hizi nimezipata kwa Lukumani, jirani yao, aliyeyaona mambo hayo kwa macho yake mwenyewe.

Asubuhi moja ya kiangazi uwanja wa nyumba hiyo ulijaa watu wenye furaha. Karanga zilikwisha kuvunwa, nyasi za porini zilikwisha kuchomwa, na msimu wa kuwinda nguruwe pori ulikuwa unaanza. Mwaka ule nguruwe walikuwa wameifukua mihogo ya kijiji shamba kwa shamba. Wanaume waliketi chini wakiziba nyavu zilizochanika, wengine wakinoa mikuki kwenye jiwe. Wanawake walikuwa wakianika michembe, vile vipande vya viazi vitamu tunavyoviweka kwa ajili ya njaa. Lukumani alikuwa Mwislamu, nyama ile haikumhusu, lakini shamba lake liliharibiwa sawa na mashamba ya wenzake. Kwa hiyo kila mwaka alishika wavu pamoja nao, kisha akarudi kwake mikono mitupu, na hakuna aliyemtania kwa hilo.

Siku hiyo alifika Dionis, mdogo wake Marcelina, aliyezoea kuja kutoka Ziba kuwinda na shemeji yake. Wenceslaus alimkumbatia, akamkalisha kivulini, akaagiza aletewe togwa. Marcelina ndiye aliyeileta. Alibeba kata kwa mkono wa kulia tu. Wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa vijiti na vitambaa tangu kiwiko hadi kwenye vidole.

Dionis alimwuliza dada yake amepatwa na nini. Kabla hajajibu, Bi Veneranda alisema kutoka mlangoni kwamba aliteleza kisimani. Wanaume wote wakainamia nyavu zao.

Msomaji, Marcelina hakuteleza kisimani. Siku chache kabla, alikuwa amechelewa kuwapa mbwa uji, na Wenceslaus alimpiga kwa mpini wa mkuki mpaka mfupa ukalia. Majirani walisikia. Bi Veneranda ndiye aliyemfunga vile vijiti, na wakati akimfunga alimwambia, "Vumilia, mwanangu. Mimi nilimvumilia baba yake mpaka akafa, na leo unaona ninavyoheshimiwa." Hayo aliyasema kwa mapenzi. Ndiyo elimu aliyopewa na mama yake, naye hakuwa na nyingine ya kumpa.

Basi mawindo yakaanza. Waliokuwa na nyavu walizitandaza upande mmoja wa kichaka, wakajificha nyuma yake na mikuki. Wengine waliingia upande wa pili na mbwa, wakipiga madebe na kupayuka. Nguruwe walitoka kama mawe yanayoporomoka mlimani. Walinaswa wakipiga mayowe yanayofanana na ya binadamu, na mikuki ikawamaliza pale pale, damu ikirukia nyuso za watu. Hakuna aliyemshinda Wenceslaus. Alikuwa akimchoma mnyama mara moja tu chini ya bega, na watu walisema mkono ule umebarikiwa.

Siku ya pili dume kubwa lilikwepa wavu likamjia yeye mwenyewe. Alirusha mkuki, ukateleza juu ya ngozi. Lile dume lilimgeukia mbwa wake aliyempenda, Sijali, likampasua kwa pembe za mdomo tangu kooni hadi tumboni, likatokomea. Mbwa alijaribu kutembea akiyakanyaga matumbo yake mwenyewe, mpaka mtu mmoja akammaliza kwa rungu. Mwingine akatania kwamba leo mkuki wa Wenceslaus umepofuka. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha wawindaji waliochoka. Wenceslaus naye alicheka, kisha akatangulia kurudi nyumbani peke yake.

Waliobaki walifika jioni, jua bado lipo, wamebeba jike moja mtini. Walimkuta Marcelina amelala uwanjani, uso umejaa vumbi na damu, na mumewe amesimama juu yake akimchapa kwa kamba ya kufungia mbwa. Kosa lake lilikuwa kuuliza Sijali yuko wapi.

Dionis aliutupa mzigo akamrukia shemeji yake. Walibingirika mpaka kwenye majivu ya jikoni, na wenzao wakawatenganisha. Kumbe nguvu za kutenganisha walikuwa nazo siku zote.

"Huyu ni mke wangu," Wenceslaus alisema akihema. "Ng'ombe wangu wako zizini kwenu. Ukimtaka, rudisha ng'ombe."

Dionis alitaka kuondoka na dada yake saa ile ile. Lakini watu wakawapeleka kwanza wote kwa Mzee Ngollo, mkuu wa kijiji, ambaye kule humwita mwanangwa, naye ndiye aliyekuwa kiongozi wa mawindo. Mzee Ngollo aliwasikiliza, akakiri kwamba Wenceslaus amekosa. Lakini akawakumbusha kwamba kichaka kikubwa cha mtoni hakijaguswa, na huko ndiko kwenye nguruwe wengi. Mtu anayejua mahali pa kutega nyavu kule ni Wenceslaus. Ndugu wakigombana leo, wawindaji watagawanyika, na mihogo iliyobaki italiwa.

"Msimu ukiisha nitaitisha kikao," alisema. "Shemeji yako atajibu mbele ya watu wote. Siku chache hizi si kitu."

Watu wakatikisa vichwa kukubali, Lukumani akiwa mmoja wao. Dionis alikuwa kijana na tena mgeni, akakubali. Marcelina alikuwa ameketi nje ya mlango, kitambaa kwenye jicho. Hakuna aliyetoka kumwuliza.

Wakaenda mtoni. Wenceslaus alizipanga nyavu kwa ustadi wake wote, lakini moyoni alikuwa na jambo jingine. Lile dume lililomuaibisha lilionekana likiingia kwenye matete, naye akalifuata bila kungoja mbwa wala mtu. Walisikia ukelele mmoja. Dionis na Lukumani ndio waliokuwa karibu. Walipopenya walimkuta ameanguka chali, paja limepasuliwa hadi mfupa ukaonekana mweupe, mkuki wake umevunjika. Dume lilikuwa limepiga hatua nyuma, limeinamisha kichwa, linajiandaa kumrudia, safari hii tumboni.

Dionis alikuwa na mkuki mkononi. Akasimama.

Lukumani anasema alimwona akisimama hivyo, akimtazama shemeji yake, na Wenceslaus naye akimtazama yeye. Kila mmoja alijua mwenzake anafikiri nini. Kisha Dionis akasonga mbele, akauzamisha mkuki ubavuni mwa yule mnyama. Dume lilijisukuma lenyewe ndani ya mkuki likitaka kumfikia, likimwaga povu na damu, naye akaushikilia mpini huku miguu ikichimba matope. Lukumani akalipiga shoka kichwani mpaka likalala. Baada ya hapo Dionis alivua shati lake, akalifunga paja la shemeji yake kwa nguvu, damu ikapungua.

Wenceslaus alirudishwa kijijini kwenye machela, na wabebaji waliimba njia nzima. Jina walilolitaja kwenye wimbo lilikuwa la Dionis.

Marcelina alimuuguza mumewe kwa mkono mmoja. Alichemsha maji ya chumvi, akaliosha lile jeraha asubuhi na jioni, akamlisha. Wageni waliokuja kumpa pole hawakuacha kumsifu kijana wa Ziba mbele ya kitanda chake. Wenceslaus alikuwa akinyamaza tu. Bi Veneranda aliutazama ukimya ule akamshukuru Mungu. Alimwambia Marcelina kwamba mwanawe ameonja maumivu, sasa atajua maumivu ni nini. Dionis naye aliamini hivyo. Aliona kwamba mtu uliyemwokoa kutoka kwenye kifo hawezi kumpiga tena dada yako.

Hapo walikosea, ndugu zangu. Wapo watu ambao fadhila huwaumiza kuliko kipigo, na uchungu wake humtafuta aliye dhaifu.

Siku ya mwisho ya msimu wanaume wote walikwenda porini. Mzee Ngollo alikwisha kutangaza kwamba kikao kitakuwa kesho yake. Alasiri hiyo Marcelina alikuwa jikoni uani akipika, na Bi Veneranda ameketi karibu na ukuta akibangua karanga. Wenceslaus alitoka nje akiegemea fimbo, kwa mara ya kwanza tangu aumie. Akauliza nyama kavu iliyomo chunguni ni ya nguruwe yupi.

"Ya lile dume la Dionis," Marcelina alijibu, bila kufikiri.

Mkuki ulikuwa umeegemezwa mlangoni. Wenceslaus aliitupa fimbo akauchukua. Marcelina alikuwa amempa mgongo, anakoroga. Bi Veneranda ndiye aliyeuona uso wa mwanawe, na uso ule aliujua, maana alikuwa ameishi nao miaka mingi kwa mwanamume mwingine. Safari hii hakumwambia mtu avumilie. Aliinuka, ungo wa karanga ukamwagika, akajitupa katikati. Mkuki uliokusudiwa mgongo wa Marcelina uliingia chini ya mbavu za mama aliyemzaa yule aliyeushika.

Marcelina aligeuka akamwona mama mkwe wake amekaa chini, ameushika mpini kwa mikono miwili kama anayeshangaa. Wenceslaus alikuwa akiuvuta mkuki autoe. Marcelina akanyakua mchi wa kinu kwa mkono wake mzima, akampiga kwenye paja lile lililopasuka, lile lile aliloliosha asubuhi. Wenceslaus akaanguka akilia. Ndipo Marcelina akapiga yowe, na wanawake wa kijiji wakaja mbio, kila mmoja na mchi wake, wakamzunguka yule mwanamume mpaka waume zao waliporudi.

Walimbeba Bi Veneranda ndani ya wavu wa kuwindia, umefungwa kwenye miti miwili, kuelekea Bukene, wakitumaini kupata gari moshi la kumpeleka hospitali Tabora. Marcelina alitembea kando yake amemshika mkono. Njiani yule mama alifumbua macho.

"Nilikufundisha vibaya," alisema. "Usirudi kwenye nyumba ile, hata mwanangu akikuomba kwa machozi."

Alikata roho kabla hawajaiona reli.

Askari walimchukua Wenceslaus, kesi ikasikilizwa Tabora. Alijitetea, kwa kinywa cha mkalimani, kwamba hakukusudia kumwua mama yake. Jaji akamwuliza, basi ulimkusudia nani? Alihukumiwa kunyongwa, na akanyongwa.

Mzee Ngollo alikiitisha kikao chake baada ya mazishi ya Bi Veneranda. Watu walikuja wakakaa, na hakuna aliyejua aanze na neno gani. Dionis hakuhudhuria. Alikuwa njiani kwenda Ziba na dada yake, wanatembea taratibu kwa sababu Marcelina bado alikuwa akitema damu kwa vile vipigo. Mkono wake ulipona umepinda. Yuko huko hadi leo, analima karanga zake, na binti za ndugu zake humwendea kabla ya kukubali posa.

Mwaka uliofuata Lukumani alikuwa shambani aliposikia kilio cha mwanamke katika nyumba ya jirani mwingine. Alitupa jembe, akaingia bila kubisha hodi, akamkamata mwenye nyumba mikono. Yule bwana akamwambia kwamba haya ni mambo ya nyumba yake. Lukumani akamjibu, "Najua. Nitakaa humu mpaka utulie." Akakaa hadi jua likachwa, na watu wengine wakaja wakaketi pamoja naye.

FUNZO

Wanaume wenzangu, mkono unaosifiwa porini usiturubuni tukaacha kuuliza unafanya nini nyumbani. Wenceslaus hakuficha tabia yake. Sisi ndio tuliomfichia, kwa kuinamia nyavu.

Nanyi mama zetu, uvumilivu ni tunu, lakini msiwafundishe binti zenu kuvumilia kuuawa. Heshima inayonunuliwa kwa mifupa iliyovunjika si heshima, na mtoto aliyemwona baba yake akipiga hujifunza kupiga hata kama hakuna aliyemfundisha.

Nanyi wazee mnaoamua mashauri, mihogo ikiliwa itapandwa mingine. Mtu anapoletwa mbele yenu anatoka damu, mtoeni kwenye hatari kwanza, ndipo mpange siku ya kuzungumza. Kikao cha kesho hakizuii mkuki wa leo.