Hesabu ya Baba Mkwe

Kasino ilifurika Jumamosi ile mchana. Msichana aliyegawa karata kwenye meza ya mchezo wa kutafuta ishirini na moja bila kuzidisha, kizibao chekundu kimemkaa vizuri, hakukawia kumwona mwanamume wa shati la samawati anayechezesha midomo. Anahesabu! Karata ndogo, mbili hadi sita, anajumlisha moja. Kumi, za picha na ree, anatoa moja. Jumla ikipanda, kubwa zinazompendelea mchezaji ndizo zimebaki kwenye kasha la karata, naye anaongeza dau. Wenye kasino wakimgundua mtu wa hivyo humtoa mbio.

"Kaka," alimnong'oneza akikusanya karata, "ukihesabu, funga mdomo."

Mwanamume aliinuka masikio yakimwaka. Jioni alikuwa nje ya mlango wa kasino, na badala ya kushukuru akaomba namba ya simu. Kumbe mwalimu wa hesabu! Tangu siku ile hakukanyaga tena kasino.

Wakapendana, wakabishana. Chai ilipoa kwenye kimeza cha mwalimu huku wakigawiana karata.

"Mfumo wako wa chekechea, mpenzi. Wajuzi huipa karata ya tano alama mbili, ree wanaihesabu pembeni."

"Wangu mwepesi, mama. Huo wenu utanisahaulisha hata jina lako."

"Haya. Una kumi na sita, mimi naonyesha kumi. Unafanyaje?"

"Kawaida naongeza karata. Hesabu ikiwa juu, natulia."

Kutulia alikujua mno, maskini. Kila bibie alipomtaka aje kwao kujitambulisha, mwalimu alikuwa na mitihani ya kusahihisha. Mara mafua. Mara suti iko kwa fundi. Bibie akaanza kushuku: huyu ana mke mahali. Akampigia simu.

"Niambie ukweli. Ni nani huyo?"

"Nani tena? Ni baba'ko! Ukiniambia kacheka, najumlisha moja. Akigomba, natoa moja. Mwezi mzima tuko chini ya sifuri, nami siweki dau kubwa hesabu ikiwa mbaya."

"Umemhesabu baba yangu?"

"Na mama. Yeye yuko juu, ila hatoshi kumfidia mzee."

"Basi mimi nitoe kwenye kasha lako!"

Akakata simu, akalia mpaka kope za bandia zikabanduka. Aliumia kweli. Yeye alikuwa tayari kuolewa, mwenzake anangoja karata nzuri.

Jumapili bomba la jikoni likapasuka kwao bibie. Maji mpaka sebuleni, mama nywele zimesukwa nusu, baba kakunja suruali magotini anamfokea fundi bomba. Mlango ukagongwa. Mwalimu huyo, suti ya kijivu, viatu vinang'aa.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja..."

"Marahaba, shika ndoo!"

Akashika. Alichota maji hadi tai ikalowa, bibie akimtazama kwa hasira iliyokuwa ikimponyoka.

"Leo ndiyo umeona uje? Baba anataka kumng'ata fundi!"

"Namwona. Sijahesabu. Nikihesabu nitakimbia." Akaweka ndoo chini. "Nakupenda, na nimechoka kuogopa. Utakubali nikuoe?"

"Ndiyo, mjinga wewe."

"Nani kasema ndiyo?" baba alinguruma kutoka chini ya sinki. "Hakuna mtu kuoa humu mpaka sakafu ikauke!"

Bibie akavua viatu, akanyakua dekio, akaanza kukausha kwa kasi ambayo nyumba ile haikuwahi kuiona.