Marehemu wa Volti Kumi na Mbili

Humphrey aliondoka Jumanne moja ya mwezi wa tatu. Kabla hata ya chai, Loyce alimkuta amepanda juu ya bati la nyumba yao pale Lulindi, anafungua nati za paneli ya sola.

— Baba Violet, unafanya nini huko juu?

— Paneli ina hitilafu. Naipeleka Newala ikaangaliwe.

Loyce akacheka. Fundi sola wa kata ile alikuwa yeye. Humphrey hakujua waya wa chanya wala wa hasi, na alishaunguza redio mbili kwa ubishi wake.

— Mume wangu, fundi si mimi? Hebu shuka.

— Ndiyo maana nataka mwingine aiangalie. Wanawake mkisoma kidogo mnajipa sifa. Halafu nimepata kibarua huko huko Newala, kuchimba mashimo ya nguzo za umeme. Umeme wa gridi ukifika, hivi vioo vyako utavitupa.

Akaifunga paneli nyuma ya bodaboda kwa mpira, akaipakata betri kama mtoto mchanga, akaondoka. Mtoto mwenyewe, Violet, hakuagwa.

Loyce alidhani ni wiki moja. Ikawa miezi saba. Kila baada ya siku kadhaa meseji iliingia: "Mke wangu tupo porini tunasimika nguzo, mtandao shida. Vumilia." Akavumilia. Majirani walipoanza kunong'ona, aliwafokea kwamba mume wake yupo kazini. Violet akawa anasomea kibatari, ndani ya nyumba ya fundi. Watu wakimshauri anunue paneli nyingine, alijibu kuwa ya kwao inarudi na mwenyewe.

Mwezi wa kumi, asubuhi, simu ikaita.

— Haloo, fundi sola? Namba nimeikuta ukutani pale zahanati ya Mnyambe. Naitwa Bernadeta. Sola yangu inawaka robo saa, inazima. Naomba uje leo leo, mchumba wangu atashinda kwenye ghala la korosho. Kanikataza nisiite fundi yeyote.

— Kwa nini akukataze?

— Anaogopa, dada. Ukija utaelewa.

Loyce akabeba mkoba wa vifaa, akapanda bodaboda. Saa tano alikuwa Mnyambe.

Bernadeta alikuwa binti mchangamfu wa miaka ishirini na mitano hivi. Alimpa shikamoo, akamwekea kigoda na maji ya kunywa. Loyce akapima betri.

— Hii haina kitu kabisa. Haishibi. Paneli iko wapi?

— Nyuma.

Wakazunguka nyuma. Paneli ilikuwa imepigiliwa kwenye gogo, chini ya mkorosho mkubwa, na mabibo yameidondokea mpaka yameoza juu yake. Loyce akashika kiuno.

— Nani kafunga hiki kituko? Paneli kivulini! Huyu angepewa mbuzi, angemlisha mawe!

— Jamani, dada, usimseme. Ni mchumba wangu. Sola ilimuulia mke.

— Ilimuua vipi?

— Alipigwa na shoti. Shoti ya paneli hii hii. Alikatazwa asiguse nyaya, hakusikia. Hakwenda shule, masikini, alikuwa mbishi tu. Mchumba wangu anaitunza kama kumbukumbu. Akiitazama machozi yanamtoka.

— Mdogo wangu, hii ni volti kumi na mbili. Haiui hata kifaranga.

— Mbona yeye alikufa?

Loyce akaweka mkoba chini.

— Marehemu aliitwa nani?

— Loyce. Wa huko bondeni, Lulindi.

Loyce akaing'oa ile paneli kwenye gogo, akaigeuza. Nyuma yake kulikuwa na mwandiko wake mwenyewe, wa wino mweusi: *Lulindi, nyumbani.* Paneli zote alizofunga aliziandika nyuma.

Akatoa simu. Akaandika: "Habari za porini, Baba Violet?"

Jibu halikuchelewa: "Nzuri mke wangu. Leo tupo mpakani kabisa na Msumbiji, nguzo nzito mno. Nakupenda. Mpe Violet busu."

Akampa Bernadeta simu. Bernadeta akasoma, akatoa simu yake, akalinganisha namba, tarakimu moja moja.

— Wewe ni nani?

— Mimi ndiye mbishi ambaye hakwenda shule.

Bernadeta akakaa chini palepale, juu ya mabibo.

— Tangazo la ndoa limeshasomwa kanisani mara mbili. Jumapili hii la tatu. Padri anadai cheti cha kifo, yeye anasema kinachelewa wilayani.

— Kitachelewa sana.

— Dada, nimekutolea misa mbili za marehemu!

— Ahsante, mdogo wangu. Zimenifaa. Bodaboda zinakimbia sana kwenye kile kilima, nami nimefika salama.

Bernadeta akacheka huku analia. Ndivyo Humphrey alivyowakuta, anakokota baiskeli, anapiga mluzi. Mluzi ukakatika.

— Mama... Mama Violet.

— Karibu. Pole na nguzo.

— Naweza kueleza.

— Eleza. Anza na kaburi langu. Liko wapi nikalipalilie?

— Loyce, usinidhalilishe mbele za watu.

— Volti kumi na mbili, Humphrey! Si ungesema nyoka? Si ungesema malaria? Umeniua kwa kitu kisichoua kifaranga, na mimi ni fundi. Hata kuniua umeshindwa.

— Ilikuwa lugha tu ya...

— Na kivulini uliiweka kwa nini?

Humphrey akatazama tairi la baiskeli.

— Watu wa Lulindi wanapita barabara hii. Wangeitambua.

Miezi saba Loyce alikuwa amepanga maneno ya kumwambia mtu huyu siku akirudi, maneno mazuri, mengine ya kuomba radhi kwa makosa ambayo hata hakuyajua. Sasa aliona haya kwamba aliwahi kuyapanga.

— Ukaificha watu wasiione, na jua nalo lisiione. Ukakaa gizani na mwanamke wa watu, unamlilia mke aliye hai.

— Basi yaishe, mke wangu. Twende nyumbani tukayaongelee.

— Nyumbani wapi? Ile ni nyumba ya mama yangu. Uliingia na begi moja. Utaletewa.

Humphrey akamgeukia Bernadeta, sauti imelegea.

— Beni, mpenzi, wewe unanijua...

— Nakujua tangu robo saa iliyopita. Dada, spana nyingine ipo? Betri nayo ni yako, nikusaidie kuifungua.

Wakafungua pamoja. Humphrey alisimama ameshika baiskeli yake kama mtu anayesubiri kupimiwa korosho, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Wakati wa kurudi, kwenye kona ya kilima, bonde lote la Masasi likiwa wazi mbele yake, Loyce alimwomba dereva wa bodaboda asimame. Akashuka, akaenda pembeni, akalia. Hakumlilia yule wa baiskeli. Alimlilia yule mume ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimtetea kwa majirani, na ambaye hakuwahi kuwepo. Alipomaliza, akafuta uso kwa kanga, akapanda.

Jumapili ile Bernadeta alimwendea Padri kabla ya ibada, na tangazo la tatu halikusomwa. Loyce alirudisha paneli juu ya bati kwa mkono wake, akaielekeza kaskazini. Violet alishika ngazi.

— Mama, shuleni wanasema baba kafa, ndiyo maana haonekani.

— Hajafa. Usikubali mtu akwambie hivyo. Baba yako mzima, anakaa Lisekese kwa shangazi yako. Ukitaka kumsalimia, namba yake ninayo.

— Anarudi?

— Harudi. Nipe spana.

Talaka yao inasikilizwa mwezi ujao, mahakama ya mwanzo.