Maneno Kumi na Mawili ya Casimir

Pikipiki ya Haojue iliruka shimo la tatu. Nadège hakumshika dereva. Alishika beseni la ndagala, dagaa wa ziwani, mapajani.

Chini ya ndagala: bastola moja, pingu moja, simu moja ya Tecno ndani ya mfuko wa nailoni.

Nyuma yao Nundu. Mbele, mji wa Baraka, ufukweni mwa ziwa.

Simu nyingine, Itel ndogo, ikatetemeka kiunoni, ndani ya kitenge. Alikuwa Papa Isidore, mkuu wake, kutoka Uvira, akimwita kwa jina la kazi.

"Mama Samaki. Bwato inatoka saa ngapi?"

"Saa ine."

"Uko na saa moja. Usimushike kwanza."

"Juu ya nini?"

"Ukimushika, benzake ba ng'ambo batakomba makuta yote, feza yote ya bantu. Pata maneno kwanza. Kisha umushike."

Simu ikakatika.

Nadège akatema mate kando ya barabara. Tangu amzike mumewe, miaka kumi na mmoja, alikuwa amewafuata wezi wa dhahabu na wauza risasi kwa kazi ya idara ya siri. Hao aliwachukia. Huyu wa leo, hata kumgusa hakutaka.

Casimir. Shati jeupe, Biblia kwapani, akijiita évangéliste, mwinjilisti. Alipita Kilembwe, akapita Nundu, akiwaambia watu waliokuwa wakikimbia vita kwenda Kigoma: njiani kuna vizuizi, ziwani kuna wanyang'anyi, msibebe noti. Nipeni mimi, nizigeuze sarafu ya mtandao. Utavuka mikono mitupu. Ng'ambo utamwambia wakala maneno yako kumi na mawili, na mkoba wako wa simu utafunguka.

Kila mmoja aliapishwa, mkono juu ya kitabu chake kitakatifu, asimtajie mtu maneno hayo.

Familia arobaini ziliapa. Watu waliokwisha kukimbia mara tatu, mara nne. Wengine walizaliwa kambini, wakarudi, na sasa walikuwa wanafunga tena mizigo.

Na wakubwa wa Casimir wangenunua nini kwa sarafu hizo? Risasi. Zingerudi kwa njia ya ziwa kuwafukuza watu walewale.

Ee Bwana, alisema Nadège moyoni, nipe subira, la sivyo leo nitaua.

Ufukweni Baraka boti ilikuwa tayari, na injini yake ya Yamaha inatiwa mafuta. Casimir alikaa mbele kabisa ya boti, anapokea wateja wa mwisho, anawaombea, anawashika vichwa. Akivuka katikati ya ziwa, mkono wa Kongo haumfikii tena.

Nadège akatua beseni karibu na mama mzee aliyekuwa na wajukuu watatu.

"Mama, nunua ndagala ya safari."

"Na nini, dada? Makuta yangu iko mu hewa."

"Mu hewa?"

"Mu simu ya évangéliste. Mi Dorothée wa Kilembwe niliuzisha shamba, niliuzisha mbuzi. Hata mulango wa nyumba niliuzisha."

"Na maneno alikupatia, unayakumbuka?"

"Usiniulize. Niliapa. Nitakufa nayo."

"Mama, ule muntu ni mwizi."

"Mwizi anaombeaka batoto ba bantu? Toka hapa na ndagala yako, inanuka!"

Nadège akasogeza beseni kando kidogo. Mwanamke aliyeapa mbele za Mungu hang'olewi kwenye kiapo chake kwa maneno. Na Nadège mwenyewe asingependa ang'oke.

Saa tatu na dakika arobaini.

Mjukuu mdogo akaanza kulia. Dorothée akampakata, akamtikisa, akaimba kwa sauti ya chini. Hakuwahi kukaa shuleni. Kila kitu alichotaka kisimpotee, mistari ya Biblia, majina ya marehemu wake, alikitia kwenye wimbo. Hata maneno ya Casimir.

"Abeille, jardin, janvier, légume..."

Nyuki, bustani, Januari, mboga: Kifaransa cha vitabu vya shule, kwenye tuni ya kwaya.

Nadège akakaza sikio. Maneno kumi na mawili. Bibi alipoyamaliza, akaanza upya.

Kisha, upande wa injini, akasikia sauti nyingine. Mama aliyejitanda ushungi, wenzake wakimwita Zainabu, alikuwa anafunga mzigo wake huku anaimba. Yeye kwa tuni ya kaswida.

"Abeille, jardin, janvier, légume..."

Tuni mbili. Maneno yaleyale. Mpangilio uleule.

Si mikoba arobaini. Mkoba mmoja, na mdomo wake mikononi mwa Casimir.

Nadège akasogea ukingoni mwa maji, sikio kwa Dorothée.

Akatoa Tecno chini ya ndagala. Mtandao: mstari mmoja. Akaingia majini hadi magotini, beseni likiwa kiunoni. Mistari miwili. Akaandika neno la kwanza, la pili, la tatu, akifuata sauti ya bibi anayembembeleza mtoto.

La kumi na mbili.

Mkoba ukafunguka. Mashamba, mbuzi, milango ya nyumba, vyote vilikuwa humo.

Akabandika anwani ya mkoba wa idara. Akabonyeza.

Duara likazunguka. Fundi wa boti akavuta kamba ya injini. Duara likazunguka.

*Imetumwa.*

Simu ya Casimir ikalia. Akaitazama. Akatazama maji. Akamwona mwanamke na simu.

Akaruka kutoka kwenye boti, kisu mkononi.

"We mama! Nani alikupatia maneno?"

"Bamama bako banaimba tangu asubui, évangéliste. Haukusikia?"

"Banaimba?"

"Haukubasikilizaka hata siku moja."

Kisu kikaja. Mkono wa Nadège ukazama kwenye beseni na kutoka na bastola, ndagala wawili wamenata juu yake.

"Piga magoti. Ile kazi unaijua."

Casimir akapiga magoti majini. Pingu ikalia.

"Mama, tugawane," akanong'ona. "Nusu ni yako. Hawa hawatajua, ni bantu ba porini."

Hilo lilimchukiza kuliko kisu. Akamkabidhi kwa askari wawili wa majini, waliokuwa wakisubiri nyuma ya vibanda, bila kumtazama tena usoni.

Dorothée akamshika Nadège kitenge.

"Dada, nimevunja kiapo?"

"Ulimwapia mwizi, mama. Mungu hakumutuma ule. Kesho asubui kuya ku bureau yetu, utapata noti zako."

"Na shamba?"

Nadège akafuta magamba kwenye bastola.

Dorothée akamfunga mjukuu mgongoni, akakaza fundo. "Nitavuka na noti mu nguo ya ndani. Wakininyang'anya, angalau nitaona sura yao."

Itel ikatetemeka.

"Mama Samaki?"

"Imeisha, papa."

"Uko muzima?"

"Muzima. Natafuta sabuni."

Alinunua kipande kwenye kibanda cha kwanza, akaomba maji, akanawa mikono hadi viwiko, mara mbili. Kisha akapunga mkono kwa pikipiki iliyokuwa inapita, akapanda.