Picha Isiyo na Uso

Asubuhi Komujuni alimenya ndizi, akazipika na maharage, akamwachia mumewe, Nuwagaba, chakula jikoni.

"Naenda hospitali. Tumbo linanisumbua," alimwambia.

Hakuwa na tatizo la tumbo. Titi lake la kushoto lilikuwa na uvimbe na kidonda. Alitaka kujua ugonjwa kwanza, kisha amwambie Nuwagaba mwenyewe. Mama mkwe akisikia mapema angetangaza uchawi kijiji kizima cha Kanoni.

Daktari alimpima, akakata kipande kidogo cha uvimbe cha kupeleka maabara, akatoka. Alibaki Winston, mwanafunzi wa uuguzi.

"Mama, tulia hivyo hivyo," alisema. Akainua simu, akapiga picha.

Komujuni alishtuka. "Unafanya nini, mwanangu?"

"Nawatumia wenzangu wa darasani, tujadili. Usiogope, uso hauonekani."

Alimwonyesha. Kweli, uso haukuwemo. Lakini chini ya titi kilionekana kitenge chake, cha njano chenye majani ya kahawa.

"Darasani kwenu yupo mtu wa Kanoni?"

"Yupo Asiimwe."

"Asiimwe ni mtoto wa wifi yangu. Kitenge hiki tumeshona wanawake wa kikundi cha kuzikana tu. Na aliyekuja hospitali leo ni mimi."

Kidole cha Winston kiliganda juu ya simu. Muuguzi Salvina, aliyewasikia kutoka mlangoni, aliingia.

"Umetuma?"

"Bado, sista."

"Ulimwomba ruhusa?"

Winston alitikisa kichwa.

"Kuficha uso hakutoshi. Nguo, kovu, hata kijiji humtaja mtu. Na bila ruhusa yake hupigi kabisa. Futa hapa, mama akiona. Futa na kule zinakokaa picha zilizofutwa."

Winston alifuta. Salvina akamgeukia Komujuni.

"Mama, unaweza kukataa picha. Unaweza kukataa hata mwanafunzi asikuguse. Matibabu yako yatakuwa yale yale."

"Nilidhani nikikataa nitafukuzwa."

"Wengi hudhani hivyo."

"Nisamehe, mama," Winston alisema. "Nitoke?"

Komujuni alijifunika kitenge, akafikiri.

"Baki ujifunze kufunga kidonda. Simu ikae nje."

Salvina akavuta pazia.

Jioni Nuwagaba alikuwa akikamua ng'ombe. Komujuni alichuchumaa karibu naye.

"Si tumbo," alianza, akamweleza yote.

Nuwagaba aliweka ndoo chini. "Nani mwingine hapa nyumbani anajua?"

"Wewe ndiye wa kwanza."

Nuwagaba alifuta mikono, akachuchumaa kando yake. "Siku ya majibu," alisema, "tutakwenda wote."